Mwanangu anaogopa mbwa kupita kiasi, nimeambiwa kuna vidonge vya kumtoa woga. Wenye uelewa naombeni msaada

mama_B
Habari za jioni wanajamvi. Niko Dodoma huku Ipagala, nina binti wa miaka 8 yuko darasa la pili. Huyu mtoto anaogopa mbwa lakini sio ule woga wa kawaida wa watoto, yaani akimwona mbwa hata yuko ng'ambo ya barabara na kafungwa, anaganda hapohapo, anatetemeka, jasho linamtoka viganjani, anakung'ang'ania mpaka unashindwa kutembea, na kuna siku alikimbia bila kuangalia akaingia barabarani bajaji ikamkosa kidogo sana, ndo nikajua hapa kuna tatizo. Hajawahi kung'atwa. Ilianza mwaka jana kabla ya mvua na haijapungua, sa hivi ndo imezidi, dukani hatumiki, kwa bibi yake Nzuguni hataki kwenda sababu jirani wana mbwa, na shule asubuhi ni vita, anaamka analalamika tumbo.

Jana nimepita duka la dawa kuchukua dawa ya minyoo nikamweleza muuzaji, akasema nimpe nusu kidonge cha diazepamu kila asubuhi kabla hajatoka nyumbani, ataenda shule katulia. Sijampa. Baba yake anasema nimpe tu, shangazi yake anasema tumpeleke akaombewe. Naomba kujua hivi hospitali kuna dawa ya kutibu woga wa mtoto au haipo? Na kama ipo ina madhara gani? Natanguliza shukrani.

Chalii_wa_Majengo
Pole mama. Sisi tumekua na mbwa na wazee walikuwa wanatushika mkono wanatupeleka mpaka kwa mbwa, unalia weee mpaka unazoea. Mshike umpeleke mbele ya mbwa siku moja tu woga unaisha, dawa za nini.

bi_Nkuhungu
Mama B mimi wa kwangu alikuwa halali kwa kuogopa giza nikawa nampa Piriton, analala vizuri tu, jaribu hiyo haina nguvu kama diazepamu.

muuguzi_akili
Mama B umefanya jambo zuri sana kuuliza kabla ya kumpa. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapahapa Dodoma, nitaandika kirefu kidogo maana hili linaniuma, watoto wengi wanapewa vidonge vya kusinzia wakati shida yao ina tiba nzuri ambayo haihitaji kidonge kabisa.

Unachoeleza kinafanana na fobia, yaani woga wa kitu kimoja mahususi. Madaktari wanaangalia kama umedumu miezi 6 au zaidi, kama umezidi hatari yenyewe, na kama unaharibu maisha ya kila siku, shule, kutumwa, kulala. Mtoto mara nyingi hasemi "naogopa", analia, anaganda, anakung'ang'ania au anatoa hasira ambazo mzazi anaziona ukorofi. Na sio lazima awe aling'atwa, wengine walishuhudia mwenzao anafukuzwa, wengine wamesikia tu habari za mbwa kila siku, wengine huwezi kujua imetoka wapi.

Sasa dawa. Hiyo diazepamu usimpe. Itamfanya asinzie darasani, ayumbe njiani, na mtoto anayevuka barabara akiwa kalewa dawa hatari yake ni kubwa kuliko ya mbwa aliyefungwa. Wapo watoto dawa hii inawageuka, badala ya kutulia wanachachamaa na kuwa wakali. Ukimpa kila asubuhi mwili unaizoea, inabidi uongeze, na mtu aliyeizoea akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege. Lakini kubwa kuliko yote ni kwamba haiondoi woga. Woga huu unaisha pale ubongo unapojifunza kwamba nilikuwa karibu na mbwa, niliogopa, halafu woga ukashuka wenyewe na sikupata dhara. Ukimlewesha ule ubongo wakati wa somo hakuna kinachoingia, jioni dawa ikiisha woga uko palepale.

Bi Nkuhungu kwa heshima, Piriton ni dawa ya mzio, usingizi ni athari yake tu, na watu wanahama kutoka hiyo kwenda promethazini wakidhani ni jamii moja isiyo na neno, wakati promethazini chini ya miaka 2 hairuhusiwi kabisa kwa sababu inaweza kuzuia upumuaji. Mtoto anayeogopa giza anahitaji taa ndogo na mzazi anayetoka chumbani pole pole kila siku, sio dawa ya mafua.

Na Chalii, wewe uko karibu na ukweli ila umeruka katikati. Kukutana na mbwa ndo tiba yenyewe, hilo ni sawa. Ila kumkokota mtoto anayepiga kelele mpaka puani kwa mbwa kunamfundisha kwamba mbwa ni balaa na mama naye si wa kumwamini. Inatakiwa hatua kwa hatua na mtoto mwenyewe akubali kila hatua.

mama_B
Asante sana dada, nimesoma mara mbili. Hizo hatua zinakuwaje? Naweza kuzifanya mwenyewe nyumbani au mpaka mtaalamu?

muuguzi_akili
Ikiwa kali kama hivi ni vizuri kuanza na mtaalamu, ila sehemu kubwa ya kazi inafanyika nyumbani na mzazi. Hii njia ni ya zamani. Mwaka 1924 huko Marekani mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto wa karibu miaka 3 aliyempa jina Peter, alikuwa anaogopa sungura. Alichofanya ni kumkalisha mtoto anakula chakula anachokipenda, sungura kawekwa mbali ndani ya tundu, akawa anasogezwa kidogo kidogo kwa kadiri mtoto anavyovumilia, na pembeni wapo watoto wengine wanaocheza na sungura bila shida. Mwishowe Peter akawa anamshika. Hakupewa kidonge. Njia imeboreshwa sana tangu hapo, mtaalamu wa Sweden anaitwa Lars-Göran Öst akatengeneza namna ya kuifanya kwa kikao kimoja kirefu cha mpaka saa 3, na inafanya kazi kwa watoto wengi, ila hiyo inahitaji aliyefundishwa.

Wewe kaa na binti mpange pamoja. Mwambie akuonyeshe kwa vidole, 0 ni siogopi, 10 ni naogopa mpaka basi. Picha ya mbwa kitabuni anaipa ngapi? Video ya kitoto cha mbwa kwenye simu bila sauti? Video yenye sauti? Mbwa halisi aliyefungwa unamwona kwa mbali ukiwa nyuma ya geti? Mama anamshika mbwa mtoto anaangalia? Mnaanza na ile ya 2 au 3, mnakaa hapo mpaka yeye mwenyewe aone namba imeshuka ndo mnaondoka. Usiondoke namba ikiwa juu, maana akiondoka akiwa kileleni anajifunza kwamba kilichomwokoa ni kukimbia. Kesho mnarudia hiyohiyo mpaka imchoshe, af mnapanda. Msifu kila hatua, kazawadi kadogo sio mbaya. Na wewe mzazi chunga sana mwili wako, ukiona mbwa ukamvuta mkono kwa nguvu na kusema "njoo huku haraka" umeshamwambia kuna hatari.

Niongeze jambo la huku kwetu. Kichaa cha mbwa kipo, kwahiyo hatutaki mtoto asiye na hofu kabisa anayeenda kumpapasa kila mbwa wa mtaani. Mbwa wa mazoezi awe mnayemjua, mtulivu na kachanjwa. Na mtoto afundishwe, mbwa usiyemjua usimguse, usimkimbie, simama wima mikono chini usimkazie macho, ondoka taratibu. Aking'atwa au kukwaruzwa, osha na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo. Mtoto akijua cha kufanya, woga wenyewe unapungua.

afisa_ustawi_Dom
Naunga mkono, ila naomba niweke neno moja kabla hamjafika mbali. Mtoto akianza kukataa shule na kuumwa tumbo asubuhi, mama kaa naye kwa utulivu umuulize njiani kuna nini kingine. Nimekutana na watoto waliosema wanaogopa mbwa kumbe kwenye nyumba ile yenye mbwa kuna mtu anawasumbua, au kuna wakubwa wanamnyang'anya hela. Simaanishi kwamba ndo hivyo kwa binti yako, ila ulizia, na usimuulize mbele ya watu. Namba 116 ya msaada kwa watoto kupiga ni bure.

mama_B
Asante kaka. Nimeuliza na nimemfuata mwenyewe njiani. Ni mbwa kweli. Dada yake mkubwa ndo kaniambia kitu sikukijua, kwamba waliwahi kuona mtoto wa jirani anavutwa nguo na mbwa.

msomaji_UDOM
Samahani muuguzi, mimi sio mtaalamu ila nimesoma kwamba kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2008 sertralini, dawa ya sonona na wasiwasi, iliwasaidia sana watoto wenye wasiwasi, tena ikichanganywa na tiba ya mazungumzo ndo ilikuwa bora kuliko zote. Kwahiyo kusema dawa haisaidii sio kupotosha kidogo?

muuguzi_akili
Swali zuri na nafurahi umeleta. Ule utafiti ulikuwa na watoto 488 wa miaka 7 hadi 17. Baada ya wiki 12 waliopata tiba ya kisaikolojia pamoja na sertralini karibu 81 kati ya 100 walipata nafuu kubwa, tiba ya kisaikolojia peke yake kama 60, sertralini peke yake 55, dawa ya bandia (yaani kidonge kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia) 24. Ni matokeo mazito na mimi siwezi kuyapuuza. Ila angalia ni watoto gani waliingizwa, ni wale wenye woga wa kutengana na wazazi, wenye wasiwasi wa kila kitu, na wanaoogopa watu. Fobia ya kitu kimoja kama mbwa haikuwa ndo ugonjwa uliolengwa. Huwezi kuchukua matokeo yale ukayabandika kwa binti wa mama B.

Kwa fobia ya kitu kimoja kwa mtoto hakuna dawa iliyoidhinishwa mahsusi. Daktari bingwa anaweza kufikiria sertralini au fluoksetini kama mtoto ana mambo mengine juu yake, mfano wasiwasi wa jumla au sonona, au woga umemfunga kabisa hata hatua ya kwanza hawezi. Hiyo inakuwa dawa ya kila siku, inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, sio ya kumeza akimwona mbwa. Na inahitaji kufuatiliwa, maana mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa hizi kwa watoto na vijana. Kwenye majaribio mawazo au matendo ya kutaka kujidhuru yalionekana kwa karibu 4 kati ya 100 waliokuwa kwenye dawa, na 2 kati ya 100 wa dawa ya bandia. Hakuna aliyejiua kwenye majaribio yale, na dawa hizi zinasaidia watoto wengi, lakini mtoto akianzishwa lazima aonwe mara kwa mara wiki za mwanzo na wazazi waambiwe dalili za kuangalia. Ndo maana haziwezi kuwa dawa za kupewa dirishani.

baba_K
Mie rafiki yangu alinipa propranololi, ile dawa ya presha na moyo, yeye anatumia akitaka kuongea mbele za watu, akasema hata mtoto wangu anayeogopa radi nimpe mvua ikianza. Mtoto ana pumu. Naona mnaongea mambo mazito nikaona niulize.

muuguzi_akili
BABA K USIMPE. Propranololi kwa mwenye pumu inaweza kubana njia ya hewa vibaya sana, na kwa watoto inaweza kushusha sukari hasa akiwa hajala. Hata asingekuwa na pumu haina ushahidi wa maana kwa fobia ya mtoto. Irudishe kwa mwenyewe au iweke mahali mtoto hafiki.

Radi ni hivihivi, hatua. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja tu kuanzia Desemba mpaka Machi Aprili hivi, kwahiyo una miezi mingi ya kiangazi kumzoesha. Tafuta sauti ya ngurumo kwenye simu, anza chini kabisa mkiwa mnacheza bao au mnachora, yeye ndo ashike kitufe cha kupandisha. Mvua zikianza mfundishe la kweli, ndani ya nyumba ni salama, chini ya mti na uwanjani sio salama.

mwl_Chamwino
Mimi ni mwalimu wa msingi. Kwanza mama B ongea na mwalimu wa darasa, maana watoto wakishajua mwenzao anaogopa mbwa wanambwekea kila saa na wengine wanamfukuza, nimeshuhudia. Mwalimu akijua anazuia.

Pili muuguzi nisaidie, siku za chanjo tuna shida. Ile ya saratani ya mlango wa kizazi tangu 2024 inatolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, sasa foleni ikipangwa mmoja anaanguka na wengine watatu wanafuata, wazazi wanasema chanjo ina sumu. Kuna mzazi alimpa binti dawa ya usingizi asubuhi ili asiogope.

muuguzi_akili
Mwalimu asante, hili ni muhimu. Woga wa sindano na damu una kitu cha tofauti na woga mwingine wote. Ukiogopa mbwa moyo unakimbia na presha inapanda, huzimii. Kwa sindano na damu presha inapanda kidogo halafu inaporomoka ghafla, damu inapungua kichwani, mtu anaanguka. Sio sumu ya chanjo, wengine wanaanguka hata kabla hawajachomwa. Dawa ya usingizi hapo inaongeza tu mchanganyiko, maana hujui kalegea kwa dawa au kwa presha.

Kinachosaidia ni kukaza misuli. Akae, akaze miguu, tumbo na mkono ambao hachomwi sekunde 10 mpaka 15 mpaka asikie joto usoni, aachie kidogo bila kulegea kabisa, arudie kama mara tano. Hii nayo imetoka kwa yule Öst. Inapandisha presha isiporomoke. Wafundishe siku kadhaa kabla. Anayejulikana huzimia achomwe kalala. Wasipangwe foleni wakiangaliana, chumba kimoja wanaingia mmoja mmoja, na wawe wamekunywa chai.

Na wazazi, nawaomba sana, tuache kuwatisha watoto kwa sindano. "Usipokula nitamwita daktari akuchome", "ukilia nakupeleka hospitali". Tunaotumia maneno haya tunawapenda watoto wetu, lakini mtoto wa miaka mitatu anaamini, halafu siku anaumwa kweli manesi wanne wanamshikilia kitandani. Hivyohivyo kwa polisi na mbwa.

mama_Kongwa
Wa kwangu ana miaka 6 jino limeoza shavu limevimba, kwa daktari wa meno hafungui mdomo kabisa anapiga mateke. Huyu naye hatua kwa hatua? Jino linamuua.

muuguzi_akili
Hapana mama, huyu hawezi kusubiri, uvimbe wa jino unaweza kusambaa, mpeleke leo. Na hapa ndo dawa ina nafasi yake halali. Hospitali wanaweza kumpa midazolamu au dawa nyingine ya kumtuliza kwa ajili ya kazi ile moja, ikipimwa kwa uzito wake, na mtu aliyefundishwa anaangalia upumuaji na oksijeni, mashine ya kumsaidia kupumua ikiwa jirani. Ikibidi anapewa nusukaputi. Mwambie daktari kila dawa anayotumia na lini amekula mara ya mwisho. Usimpe kitu cha kumlewesha nyumbani kabla ya kwenda, dawa mbili zikikutana zinaweza kusimamisha pumzi. Jino likishatoka na kapona, hapo sasa umzoeshe kiti cha daktari kwa ziara ambazo hafanyiwi kitu, maana ile dawa ilimvusha siku ile tu, woga bado anao.

msomaji_UDOM
Swali la mwisho kwangu. Hii habari ya dawa ya TB kutibu fobia ni kweli?

muuguzi_akili
Ina chanzo cha kweli. Saikloserini ni dawa ya TB sugu. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwapa dozi ndogo watu wazima wanaoogopa kuwa juu, wakainywa kabla ya kikao cha mazoezi, ikaonekana wanajifunza haraka zaidi. Angalia wazo lake lilivyo zuri, haikuwa dawa ya kuficha woga, ilikuwa ya kuusaidia ubongo ushike somo. Lakini tafiti zilizofuata zilitoa faida ndogo na za kupishana, na kwa watoto haijaonyesha faida ya wazi. Kwahiyo kwa sasa sio tiba ya mtoto wa mtu.

mama_B
Naomba kuuliza niende wapi. Nikitaja Mirembe, hospitali ya afya ya akili, nyumbani mume wangu anasema mtoto sio chizi.

muuguzi_akili
Najua, na hili neno linawanyima watu wengi tiba. Mirembe ipo tangu 1927 na mjini hapa watu wameifanya tusi, lakini wanaokuja na kuondoka siku hiyohiyo ni wengi kuliko mnavyodhani, watu wa usingizi, wasiwasi, kifafa, watoto pia. Hamlazwi kwa kuogopa mbwa. Kama mzee bado anasita anzeni hospitali ya rufaa ya mkoa au Benjamin Mkapa, muombe kuonana na mtu wa afya ya akili au mwanasaikolojia. Kule muulize wazi, je mtamfanyia mazoezi ya kukutana na anachokiogopa? Na kama ataandikiwa dawa uliza ni ya nini hasa, mpaka lini, na inaachwaje. Shangazi akitaka kumuombea aombe, maombi hayagombani na mazoezi, mradi asiambiwe ana pepo, maana hapo mnamwongezea kitu kingine cha kuogopa.

mama_B
Nimerudi wapendwa. Tulienda na baba yake, akakubali baada ya kusoma huu uzi mwenyewe. Hajaandikiwa dawa yoyote. Picha na video kamaliza, analala vizuri, sasa tuko kwenye mbwa wa jirani wa bibi, kafungwa na kachanjwa, tunakaa kwenye mkeka nyuma ya geti anakula karanga. Alishafika namba 3. Ila Jumamosi mbwa alibweka ghafla, akalia, akapanda mpaka 9 na akakataa kabisa kurudi pale. Sijui nimlazimishe au nimpumzishe kwanza wiki nzima?

muuguzi_akili
Wala usimlazimishe wala usipumzishe wiki nzima. Kesho au keshokutwa mrudi, ila mkeka usogeze nyuma zaidi, hata mpaka mahali anaposema ni 4, na kabla ya hapo mwekee sauti za kubweka kwenye simu kwa kuwa hiyo ndo hatua mliyoiruka. Akikaa pale na namba ikashuka, muulize yeye mkeka usogee wapi siku inayofuata.